Mbuzi wa Kabale Waliohesabiwa Wafu

Shangazi yangu Kabale Wario hakupenda watafiti, na mimi simlaumu. Isiolo ya miaka ya sabini ilikuwa na watafiti wengi kuliko kunguru wa sokoni. Ukifungua duka asubuhi, unamkuta mmoja amekaa kwenye baraza, kofia kichwani, anakungoja akuulize. Huyu wa mawe, yule wa nyasi, mwingine wa lugha, mwingine wa mvua, na mmoja, haki ya Mungu, alikuja kutafiti harusi zetu peke yake. Huyo wa harusi ndiye aliyeangukia mikononi mwa Umuro, muuza hirizi wa mtaa wetu, mtu ambaye hata ukimuuliza saa atakudanganya ili ulimi wake usishike kutu. Umuro akamwambia kwamba bwana harusi wa Kiborana hulala wiki nzima na kiatu juu ya kichwa. Mgeni akaandika, akashukuru, akampa sukari, akaenda zake. Nafikiri hadi leo kuna mtu huko duniani anasoma habari za kiatu hicho na kuziamini.

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akakasirika. Ndivyo alivyokuwa. "Umuro ni mwongo, sawa," akasema, "lakini huyo mwingine ni mvivu. Mtu anauliza mara moja tu? Huyo hataki jibu, anataka kwenda kwao."

Aliyemheshimu ni yule wa mawe. Huyo alisema kuna maji nyuma ya Kambi Garba, wakachimba, wakapata vumbi. Tulimcheka sana. Mwaka uliofuata akarudi na uso wake ule ule, akasema alikosea na anataka kupima tena. Akapima, na maji yakatoka. Shangazi alimpelekea kibuyu cha maziwa kwa miguu yake mwenyewe, na kwa Kabale hilo halikuwa jambo dogo.

Ngoja nikueleze Kabale alikuwa nani. Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, mrefu, mkavu, mwenye sauti ambayo akiita mbuzi wake, wa jirani nao wanageuka. Wakati wa vita vya shifta, miaka ya sitini, kule upande wa Garbatulla, mifugo yao iliisha yote. Mingine ilipigwa risasi, mingine ilikufa kwa njaa ndani ya kambi walimofungiwa. Mumewe alifuata mifugo yake muda mfupi baadaye. Kabale akaja Kambi Garba, nje kidogo ya mji wa Isiolo, na watoto na sufuria.

Waliomwokoa ni watu, kwa desturi yetu tunayoiita dabarre. Mwenye mbuzi wa maziwa anampa asiye naye amkamue. Watoto wanakunywa, nyumba inasimama, na mbuzi mwenyewe pamoja na wanaozaliwa wanabaki wa mwenye mali. Ila kuna sharti moja ambalo hakuna anayelisema kwa sababu kila mtu analijua: aliyetoa hataji. Hamwambii jirani, hamwambii chifu. Ukisema mbuzi wangu yuko kwa fulani, umemvua fulani nguo mbele ya watu. Shangazi aliishi kwa mbuzi wa watu miaka mingi kabla ya kupata wake, na mimi, mtoto wa ndugu yake, nilijaribu kumchokonoa aniambie walikuwa wa nani. Aliniambia, "Abiba, nenda ukauze sukari yako."

Basi alipopata kundi lake, ugonjwa nao ukampata. Homa ya mapafu ya mbuzi. Mbuzi anaanza kukohoa, ananyoosha shingo, anasimama tu na miguu imetanuka, halafu huna mbuzi. Zizi zima linaweza kwisha hivyo. Umuro aliuza hirizi kama maandazi. Mbuzi akipona, hirizi imefanya kazi. Akifa, siku yake ilikuwa imefika. Biashara gani tamu hivyo!

Hapo ndipo akaja Daktari Nakuam, mwaka wa sabini na tisa. Alikuwa Mturkana wa hapa hapa Isiolo, baba yake mpishi wa misheni, na Nairobi alikuwa amesomea udaktari wa mifugo. Lakini alizaliwa mjini na akakulia shule za bweni, hajachunga hata siku moja, na tulimtania bila huruma. "Mturkana gani huyu anaogopa beberu?" Naye alicheka, kwa sababu kweli alimwogopa. Alileta chanjo mpya ya ile homa, kwenye masanduku ya barafu, na alitaka kuijaribu Kambi Garba. Katika kila zizi nusu ya mbuzi watadungwa dawa na kuvishwa hereni nyekundu sikioni. Nusu nyingine hawatapata dawa, watavishwa hereni nyeupe.

Shangazi alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Wewe kijana, dawa iko ya kutosha wote?"

"Iko, mama."

"Na unadunga nusu."

"Ndiyo."

"Nusu ingine imekukosea nini?"

Watu wakaguna. Nakuam hakukasirika. "Mama, nikidunga wote na wote wapone, utajuaje ni dawa? Labda ugonjwa haukupita hapa mwaka huu. Labda ni hirizi za Umuro."

Tulicheka sote isipokuwa Umuro.

"Na dawa ikionekana ni nzuri?" akauliza shangazi.

"Nitadunga wote, wako na wa kila mtu, mpaka Garbatulla, mpaka Merti."

"Na ikionekana ni mbaya?"

"Nitasema ni mbaya, na nitairudisha Nairobi."

"Utasema hata ukiaibika?"

"Hata nikiaibika."

Shangazi alimtazama kutoka viatu mpaka nywele. "Basi shika mbuzi," akasema. "Ile ndogo kwanza. Haina pembe."

Homa ikaja na kiangazi, na ikaja kwa nguvu. Weupe, wale wa hereni nyeupe, walikohoa wakafa. Watu walichinja wale waliokuwa wanakata roho, wakaniuzia ngozi kwa bei ya kilio dukani kwangu. Nyumba ambazo hazikuwa kwenye utafiti hata kidogo zilibaki na mazizi matupu. Na mimi nilipokwenda kumtembelea shangazi, niliona zizi lake linapungua, na wanaopungua si weupe tu. Wekundu pia walikuwa hawaonekani. Sikuuliza. Nililelewa vizuri.

Nawe msomaji umeshajua walikokwenda. Nani atakaa na mbuzi mzima wa maziwa wakati watoto wa jirani wanalia? Na ukitaka kumpa mwenye njaa mbuzi, utampa yule anayekohoa? Unampa mwenye dawa, mwenye uhakika. Hivyo wekundu ndio waliotoka, jioni jioni wakati wa kukamua, kwa njia za nyuma, si kwa Kabale tu bali kwa kila aliyekuwa na utu.

Nakuam alikuwa na sheria yake kutoka Nairobi, ambayo sisi hatukuijua: mbuzi asiyeonekana mara mbili mfululizo anahesabiwa amekufa. Usiseme ni sheria ya kijinga. Mahali pengine watu waliuza mbuzi wa utafiti kisha wakasema yuko malishoni, na angali malishoni mpaka kesho. Kwa hiyo alikuja, akatazama, akauliza, "Mama, wekundu wengine wako wapi?"

"Andika unachokiona," shangazi akamjibu.

Akaenda zizi la pili, akajibiwa vivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Kijana akaandika alichokiona.

Mwisho wa kiangazi akaitisha baraza. Alisimama mbele yetu, na uso wake ulikuwa umesawijika. Akasema wekundu wamekufa sawasawa na weupe. Dawa haifai. Jumatatu gari litarudi Nairobi na masanduku yote, na kazi imefungwa. Akaomba radhi kwa taabu aliyotupa. Wanawake waliinamisha macho. Nilimtazama shangazi, nikamwona amefungua kinywa kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, halafu akakifunga.

Siku ya pili yake Nakuam aliingia dukani kwangu, hakuagiza chochote. Alikuwa amewaomba watu kila mbuzi akifa wamletee hereni. Akafungua mfuko akamwaga hereni zile juu ya meza yangu, katikati ya sabuni na majani ya chai. Nyeupe tele. Nyekundu unazitafuta kwa kidole.

"Abiba," akasema, "kama wekundu wamekufa, wamekufa na hereni zao? Na ngozi zao umezinunua wewe?"

"Sikununua."

"Basi maiti ziko wapi?"

Wallahi nilimpenda siku hiyo. Mwingine angeshukuru kumaliza kazi, apande gari, akatafute mbuzi wa mahali pengine. Huyu alikuwa hajalala, macho mekundu, anagombana na maandishi yake mwenyewe. Lakini ulimi wangu ulikuwa mzito. Nilimwambia neno moja tu: "Twende kwa shangazi. Na usiulize jina la mtu."

Tulimkuta anafukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi. Nakuam akachuchumaa.

"Mama, niliahidi nitasema hata nikiaibika. Nimesema. Lakini siamini nilichosema. Sitaki jina la mtu yeyote. Nataka kujua tu kama wako hai."

Shangazi akageuza kibuyu juu ya moshi. Kisha: "Nikikuambia wako hai, utaandika?"

"Siwezi."

"Eh! Sasa unauliza ya nini?"

"Lazima niwaone kwa macho yangu. Neno la mwenye mbuzi halitoshi, mama, hata likiwa neno lako. Umuro naye ana maneno yake. Wakubwa wangu wataona tofauti gani kati yako na yeye?"

Nilidhani atampiga na kibuyu. Lakini maneno yale yalimwingia, kwa sababu ni kitu ambacho angekisema yeye mwenyewe. Akakaa chini kwenye vumbi. Na hapo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikamwona shangazi Kabale analia. Hakulia aliposimulia kambi ya shifta. Alilia siku ile.

"Nikinyamaza," akasema, "dawa inaondoka, na mwaka ujao mbuzi za watu zinakufa tena, hapa na Merti na kila mahali, na ni mimi nimeua. Nikisema, nawavua nguo watu walikuja kwangu na njaa. Mimi nilifichwa, Abiba. Wakati wangu nilifichwa. Leo nifunue wenzangu?"

Nakuam akasimama. Alisema tu kwamba gari litaondoka Jumatatu asubuhi, kutoka uwanja ule ule alipowavishia mbuzi hereni, na kwamba atachelewesha kadiri atakavyoweza. Akaondoka.

Shangazi akajifunga shuka, akaniambia nimsindikize. Tulizunguka Kambi Garba yote jua likituchoma kisogo. Kila tulipokaribia nyumba aliniambia, "Kaa hapo," na mimi nikakaa kwenye kichaka na mgongo wangu umegeuka, nisione anaingia wapi. Baadaye aliniambia alichokuwa anasema huko ndani, na ni kifupi: "Gari ya dawa inaondoka Jumatatu. Sikuja kuchukua kitu. Nimekuja kukuambia tu." Hakuna aliyemwahidi chochote. Nyumba moja, mwanamke alimfungia mlango. Nyumba ya mwisho alikaa kidogo sana, akatoka kimya, na njia nzima ya kurudi hakusema neno, yeye Kabale ambaye hunyamaza akiwa amelala tu.

Jumatatu tulikuwa pale mapema. Landrova imepakiwa, masanduku ya barafu yamefungwa kamba, dereva anapiga miayo. Shangazi amesimama na wekundu wake wachache aliobaki nao. Watu wamekuja kutazama, mikono mitupu. Muda ukapita. Dereva akawasha gari, Nakuam akamwambia zima. Muda ukapita tena. Umuro alikuwepo, anatabasamu. Nikatamani kumtia mchanga kinywani.

Ndipo tukamwona Mzee Jillo.

Huyu Jillo lazima umjue. Kabla ya shifta ng'ombe wake walikuwa wakishuka kunywa maji, wengine wanangoja mpaka alasiri. Ng'ombe waliisha, lakini heshima ilibaki. Akisimama kwenye mkutano, watu wanakaa. Hakuna aliyewahi kusikia Jillo ameomba hata kiberiti. Basi ndiye huyo anayekuja, kilemba cheupe kichwani, fimbo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto kamba. Kwenye kamba kuna mbuzi jike, tumbo limejaa mimba, na sikioni hereni nyekundu.

Hakuharakisha. Alipita katikati yetu sote, akasimama mbele ya daktari.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mzee," akasema Nakuam, Mkristo yule.

"Andika. Mbuzi hii ni ya Kabale Wario. Mimi ni Jillo. Nyumba yangu haikuwa na kitu, na wajukuu wangu wamekunywa maziwa ya hii mbuzi tangu kiangazi ianze. Haijakufa. Hata kukohoa haijakohoa." Akageuka akatutazama, mmoja mmoja. "Kuna mtu hajasikia?"

 Mbuzi akapiga chafya, na hakuna aliyecheka.

Kisha sauti ya mwanamke kutoka nyuma, ya ugomvi kabisa: "Na mimi! Mnaniangalia nini?" Alikuwa Nimo, mjane wa dereva wa lori, anavuta wawili kwa mpigo huku machozi yanamtiririka. Baada yake akaja mwingine, na mwingine, wengine na wekundu wa shangazi, wengine na wa mazizi mengine. Hata yule mwanamke aliyemfungia shangazi mlango akaja, amejifunika uso, lakini alikuja. Ala! Uwanja ukajaa hereni nyekundu. Waliotoa walikuwa wanaangalia chini zaidi kuliko waliopewa.

Nakuam aliwashika mmoja mmoja, masikio na kwapa na pua, hakumruka yeyote, na hata beberu alimshika bila kuogopa. Hakuwa anaandika furaha yake. Nilimsikia akisema wazi kwamba wekundu fulani kweli walikufa, hereni zao anazo, na hao watabaki wafu katika karatasi zake. Dawa hii si muujiza, akasema. Lakini walio hai ni wengi mno kuliko weupe, na hilo sasa ameliona kwa macho. Akamwambia dereva afungue kamba za masanduku.

Yaliyofuata yanajulikana. Alikaa akadunga weupe waliosalia, na mbuzi wa nyumba ambazo hazikuwa kwenye utafiti. Nairobi walimtuma arudie jaribio lile mahali pengine, akarudia, na safari hii swali la kwanza alilouliza kila zizi lilikuwa kama kuna mbuzi wanaokamuliwa nyumba nyingine, nyumba zenyewe asitajiwe, aonyeshwe mbuzi tu malishoni. Kufikia miaka ya themanini chanjo ilikuwa imefika Garbatulla na Merti, na ule ukame mkubwa ulipotupiga mwaka wa themanini na nne, njaa iliua mbuzi wengi, lakini homa ya mapafu haikuja kuongeza. Shangazi alipowaona watafiti siku hizo hakuwafukuza tena. Aliwapa kigoda, kisha akawauliza watarudi lini.

Lakini mimi nikiikumbuka miaka ile, moyo wangu unarudi uwanjani, siku ile ya Jumatatu, kazi ilipokwisha na watu wanaanza kutawanyika. Mzee Jillo alimwendea shangazi, akamnyooshea kamba. Ilikuwa haki. Jina limetajwa, dabarre imekwisha.

Shangazi akaweka mikono nyuma.

"Kabale, chukua mbuzi yako."

"Sioni mbuzi yangu hapa, mzee."

"Usinifanyie mchezo. Nimesema mbele ya watu wote ni yako."

"Ulisema, na daktari ameshahesabu. Kazi yangu kwake imekwisha." Akamgeukia Nakuam kwa ile sauti yake ya kuita makundi. "Wewe daktari! Kwenye karatasi, mwenye hii mbuzi umeandika nani?"

"Nimeandika Kabale Wario, mama."

"Kata. Andika Jillo. Na hiyo iko tumboni, andika Jillo pia."

Mzee alisimama na mkono wake bado umenyooka. Nilidhani atakataa, ni mtu wa kukataa.  Kisha akainama juu ya yule mbuzi, akashika ncha ya kilemba chake akaanza kuifuta hereni ile vumbi, akaifuta, akaendelea kuifuta, na sisi sote pale uwanjani tukageuza macho tukatazama barabara.